Picha 10 kwa sekunde zatosha?

Wadau, nikipita Olasiti na kamera begani swali ni lile lile: ipi inafaa kwa michezo? Mimi nasema Nikon D500 ya mwaka 2016. Kiwandani haitoki tena, kwa hiyo tafuta iliyotumika. Inapiga picha 10 kwa sekunde, nayo ina pointi 153 za fokasi.

Watu wanashangilia hiyo 10. Haya, tupige hesabu. Septemba 2025, Tokyo, Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya marathoni ya dunia kwa tofauti ya sekunde 0.03 dhidi ya Mjerumani Amanal Petros. D500 inapiga moja kila sekunde 0.1. Yaani ushindi wote ungeweza kupita katikati ya picha mbili! Kazi hiyo ina kamera yake maalumu pale mstarini.

Sisi wa magazeti tunatafuta uso. Hapo kinachookoa ni fokasi isiyomwachia mkimbiaji, na sensa ndogo: lenzi ya milimita 300 inavuta kama ya 450, maana siku zote tunasimamishwa nyuma ya kamba. Hela ikibana, bodi iwe ya zamani, lenzi iwe nzuri. Wengi mnafanya kinyume. Mnabisha?