Usimkemee mwanao kabla hujaisoma grafu

Ukishamaliza chai yako, nipe dakika chache tuzungumze juu ya jambo linalozua ugomvi katika nyumba nyingi kila shule zinapofungwa. Nazungumzia ile karatasi ya mtihani ambayo mtoto huikunja mara nne na kuificha chini kabisa ya sanduku.

Majuzi nilikuwa mtaani Ruring'u, hapa mjini Nyeri, nyumbani kwa jirani yangu. Binti yake yuko kidato cha tatu. Niliwakuta wawili hao mezani, karatasi ya Jiografia katikati yao, na hali ya hewa humo ndani ilikuwa nzito.

"Miaka mitatu unasoma Jiografia," mama alikuwa akisema, "na swali la picha tu limekushinda! Jibu si liko hapo mbele ya macho yako?"

Msichana aliinamisha kichwa. "Mama, nilisoma pale upau unapoishia. Mwalimu akaniwekea kosa."

Niliomba niione karatasi hiyo. Lilikuwa swali la grafu ya pau, lakini si pau za kawaida. Kila upau ulikuwa umegawanywa katika matabaka, moja limelala juu ya jingine, kila tabaka na rangi yake. Nikamgeukia mama mtu nikamwuliza yeye angejibu vipi. Bila kusita aliweka kidole kwenye kilele cha upau, akafuata mstari hadi pembeni, akataja nambari.

Lilikuwa jibu lile lile la binti yake.

Msomaji wangu, sikusimulia haya ili kumcheka jirani. Mimi mwenyewe nilipokuwa shuleni nilianguka katika shimo hilo hilo, tena zaidi ya mara moja. Maswali ya takwimu na grafu ni wageni wa kawaida katika Jiografia ya KCSE, mtihani ulioanza kufanywa mwaka wa 1989. Mtoto anayekosa hapa aghalabu si mvivu wala si mjinga. Hajaambiwa tu kanuni moja ndogo.

Kanuni yenyewe ni hii. Mtoto akisimama juu ya kigoda, humpimi urefu kuanzia sakafuni. Unaanzia pale nyayo zake zilipokanyaga. Tabaka la juu katika upau ni mtoto aliyesimama juu ya kigoda. Ukilisoma kuanzia chini, umempa urefu usio wake.

Hebu tuchukue mfano wa nyumbani. Sensa ya mwaka wa 2009 ilihesabu watu 693,558 hapa Nyeri. Ile ya 2019 ilihesabu 759,164. Chora pau mbili, moja ya kila mwaka. Tabaka la chini liwe la wanaume, la juu liwe la wanawake. Ili tusichoshwe na tarakimu, tuhesabu kwa maelfu.

Upau wa 2009: wanaume wanaishia kwenye 340, na kilele kiko kwenye 694. Upau wa 2019: wanaume wanaishia kwenye 374, na kilele kiko kwenye 759.

Swali la kwanza: wanawake walikuwa wangapi mwaka wa 2019? Anayekimbilia kilele atajibu 759. Huyo amewahesabu wanaume pamoja na wanawake. Jibu hupatikana kwa kutoa: 759 toa 374, unabaki na 385. Yaani wanawake walikuwa kama 385,000.

Swali la pili, na hili ndilo huwanasa wengi: kati ya wanaume na wanawake, ni nani walioongezeka zaidi katika miaka hiyo kumi?

Macho yatakuambia ni wanawake. Tabaka lao ndilo lililo juu, na kilele chake kimepanda kwa 65. Lakini ngoja kidogo. Wanaume wametoka 340 wakafika 374, ongezeko la 34. Wanawake wametoka 354 (yaani 694 toa 340) wakafika 385, ongezeko la 31. Kumbe wanaume ndio walioongezeka zaidi! Tabaka la wanawake lilipanda sana kwa sababu kigoda chake nacho kilikuwa kimepanda.

Nilipomaliza hesabu hiyo pale mezani, msichana alishika kalamu akairudia mwenyewe bila kuambiwa. Mama yake alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Basi na mimi ningepata kosa." Binti akatabasamu kwa mara ya kwanza jioni ile.

Swali la tatu lina mtego wa aina nyingine: je, sehemu ya wanawake katika watu wote iliongezeka au ilipungua? Hapa hatuulizwi idadi, tunaulizwa asilimia. Mwaka wa 2009 wanawake 354 kati ya 694 ni asilimia 51.0. Mwaka wa 2019 wanawake 385 kati ya 759 ni asilimia 50.7. Idadi yao ilipanda, na sehemu yao ikapungua kidogo. Mambo haya mawili yanaweza kutokea kwa pamoja, na mtahini anajua kwamba mtoto mwenye haraka atayachanganya.

Ndiyo sababu nasisitiza kwamba kabla ya kujibu lolote, mtoto atazame pembeni mwa grafu aone kilichoandikwa hapo. Ni maelfu ya watu? Ni tani? Ama ni asilimia? Pau zote zikiwa na urefu sawa na zote kuishia kwenye 100, hizo ni za asilimia. Grafu ya namna hiyo huonyesha mgao tu. Haisemi ni mwaka gani uliokuwa na watu wengi zaidi, na anayejibu swali hilo kwa kuitazama peke yake anabahatisha.

Kuna jambo jingine ambalo grafu haiwezi, na ni vizuri mtoto alijue. Twende jirani hapo Laikipia, kaunti ya mji wa Nanyuki. Mwaka wa 2019 wanaume walikuwa 259,440 na wanawake 259,102. Wanaume waliwazidi kwa 338 tu. Sasa isome kwa maelfu: wanaume 259, kilele 519. Ukitoa unapata wanawake 260, na utaapa kwamba wanawake ndio wengi! Sensa hiyo ya 2019 ndiyo iliyokuwa ya kwanza nchini kuwahesabu watu wa huntha peke yao, na hapa Nyeri walikuwa 31. Tabaka la watu 31 juu ya upau wa watu 759,164 haliwezi kuonekana hata kwa kalamu iliyochongwa vipi. Watu hao wako, ila grafu haina macho ya kuwaona. Palipo na tofauti ndogo namna hiyo, jedwali ndilo la kutegemewa.

Kwa hivyo, mzazi, usiku mmoja katika likizo hii kaa na mwanao mfanye hivi. Kwanza, asome kichwa cha grafu, nambari za pembeni na ufunguo wa rangi kabla ya kutazama pau. Pili, aseme kwa mdomo wake swali linataka nini: jumla, tofauti, ongezeko ama asilimia. Tatu, aguse kwa kidole pale tabaka linapoanzia na pale linapoishia, aandike nambari zote mbili, kisha atoe. Asifanye hesabu hiyo kichwani. Mkikosa grafu, chukueni karatasi mchore mauzo ya mboga za jirani sokoni Karatina au maziwa ya ng'ombe wenu, ya asubuhi chini na ya jioni juu.

Jirani yangu alinipa kisingizio ambacho huenda na wewe unacho: "Mtihani ni wa Kiingereza, mimi nitamsaidiaje?" Lakini umeona kwamba kazi yote tuliyoifanya ni ya kutoa na kugawanya. Mama anayejua faida na hasara ya gunia la viazi ana elimu ya kutosha kukaa mezani na mwanawe.

Isitoshe, elimu hii haiishii shuleni. Wiki mbili baadaye jirani huyo alinijia na karatasi kutoka mkutano wa chama cha ushirika cha kahawa. Ilikuwa na pau mbili za mapato, gharama chini na malipo ya mkulima juu. Upau wa mwaka wa pili ulikuwa mrefu zaidi, na wanachama walikuwa wamepiga makofi. Yeye aliweka kidole pale tabaka la juu linapoanzia, akatoa, kisha akanitazama.

"Malipo yetu hayakuongezeka," akasema. "Ni kigoda kilichopanda."

Aliniambia kwamba mkutano ujao atasimama aulize. Na karatasi ile ya hesabu, aliyemwandikia ni binti yake.

Haya basi, tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.