Pombe Haileti Maziwa

Mwanamke akijifungua mkoani Tabora, nyumba hujaa wifi, shangazi na majirani, na haipiti wiki kabla mmoja wao hajasema mzazi apewe pombe kidogo ili maziwa yashuke. Nyumba moja itatoa wanzuki ya asali, nyingine pombe ya mtama, na mjini, Isevya au Ng'ambo, mume atatumwa akalete bia. Anayesema hivyo anampenda mzazi na anamtakia mema mtoto. Lakini anachokisema si kweli, na kimekaa vinywani mwetu muda mrefu mno. Pombe haileti maziwa. Inayazuia, na anayelala na njaa ni mtoto.

Mtoto anapovuta titi, mwili wa mama hutoa homoni mbili. Prolaktini huliamuru titi litengeneze maziwa, na oksitosini huyasukuma yatoke. Mwaka 2005 Julie Mennella na wenzake wa kituo cha Monell, Philadelphia, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa kina mama 17 waliokuwa wananyonyesha. Siku moja walikunywa juisi ya machungwa tupu, siku nyingine juisi ileile ikiwa na pombe. Siku ya pombe oksitosini yao ilishuka kwa asilimia 78, prolaktini ikapanda mno, maziwa yakachelewa kuanza kutoka na yakatoka machache.

Hapo ndipo imani hii inapopata nguvu. Maziwa yasiposukumwa hubaki ndani, na mama huhisi titi limejaa. Bibi analigusa, analikuta gumu, anasema dawa imefanya kazi. Kumbe limejaa kwa kuwa limeshindwa kutoa. Mennella na mwenzake Gary Beauchamp walikuwa wameliona jambo hili upande wa mtoto tangu mwaka 1991: mama akishakunywa, mtoto alianza kwa kuvuta mara nyingi zaidi, lakini maziwa aliyoyapata yalikuwa pungufu. Baadaye ilionekana kwamba hata usingizi wa watoto hao huvurugika, kwa hiyo wanaosema pombe ya mama humtuliza mtoto nao wamekosea.

Najua jibu litakalokuja: hii ni mila, wazee wetu walikunywa na watoto wakakua. Sina dharau kwa wazee, na pombe ina historia yake katika nchi hii. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilipita Tabora kwa miguu ya wapagazi wa Kinyamwezi. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwaka 1857, aliieleza pombe ya nafaka katika kitabu chake cha mwaka 1860, na vijijini kazi nyingi za pamoja shambani zililipwa kwa pombe. Katika misafara hiyo walikuwamo pia wanawake, wakibeba mizigo na vyungu, wengine na watoto mgongoni. Mama wa safari alikuwa na mtoto wake mchana na usiku, na mtoto alinyonya kila alipotaka. Kunyonya huko ndiko kulikoleta maziwa, jana na leo.

Tabora yenyewe ina ushahidi mwingine ambao hauhitaji maabara. Tangu wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani walipofanya makazi Kazeh na Kwihara katika karne ya 19, mji huu umekuwa na nyumba za Waislamu ambamo pombe haiingii. Mama mkwe wa nyumba hizo humpikia mzazi uji, humpa mchuzi wa moto, humkanda kwa maji ya moto na kumpumzisha siku 40. Kizazi baada ya kizazi, watoto wao wamenyonya wakashiba bila tone la wanzuki. Kama pombe ingekuwa chanzo cha maziwa, koo hizo zisingekuwapo. Wanaoishi nao ukuta kwa ukuta na bado wanasema mzazi hawezi kunyonyesha bila pombe, wameacha kutazama kwa jirani.

Tena imani hii si yetu peke yetu, wala haikuenezwa na mabibi tu. Nchini Marekani kampuni ya bia ya Anheuser-Busch ilianza mwaka 1895 kuuza kinywaji cha kimea kilichoitwa Malt-Nutrine, kikitangazwa kuwa kinawajenga kina mama wanaonyonyesha. Uingereza na Ireland wazazi walipewa bia nyeusi ya Guinness kwa madai hayohayo. Wenye viwanda walipata faida nzuri kutokana na hofu ya mama kwamba maziwa yake hayatoshi. Ukweli mdogo uliopo ni kwamba shayiri ina aina ya wanga inayoweza kuipandisha prolaktini, na wanga huo umo hata katika bia isiyo na kilevi. Yaani kama kuna sifa yoyote, ni ya nafaka, na nafaka tunayo: uji wa ulezi, uji wa mtama, togwa ambayo haijachacha. Sidai kwamba uji ni dawa ya maziwa. Nasema unamshibisha mama na haumdhuru mtoto.

Imani hii ina mwenzake, na huyu anazidi kusikika mjini. Nasikia ikisemwa: kunywa tu, kisha kamua maziwa umwage, yatakayofuata yatakuwa safi. Hapana. Kilevi huingia kwenye maziwa kutoka kwenye damu na hurudi kwenye damu bila kizuizi, hivyo kiwango chake ndani ya maziwa hukaribiana na kile kilicho kwenye damu wakati huohuo. Maadamu damu ina kilevi, maziwa mapya nayo yatakuwa nacho. Ni sawa na kuchota ndoo ya kwanza kisimani ukidhani umeisafisha chemchemi. Mama aliyekamua na kumwaga kisha akanyonyesha papo hapo amempa mtoto kilevi kilekile, na juu ya hayo ametupa chakula. Kinachosafisha maziwa ni muda. Wala kahawa, maji mengi au kuoga hakuharakishi kazi ya ini.

Muda huo unajulikana. Kilevi hufikia kilele chake kwenye maziwa kati ya nusu saa na saa moja baada ya kunywa, na huchelewa zaidi mama akiwa amekula. Bia ya mililita 330 yenye nguvu ya asilimia 5 huhitaji takribani saa mbili kuisha mwilini. Lakini chupa ya bia iliyozoeleka Tanzania ni nusu lita. Aliyekunywa chupa moja saa moja jioni angoje hadi saa nne usiku. Akinywa mbili, angoje hadi saa saba. Mama mwembamba angoje zaidi. Pombe ya kienyeji haina hesabu kama hiyo, kwa sababu ya leo si ya kesho: kila siku inayokaa inazidi kuwa kali, na hakuna anayejua kopo moja lina kilevi kiasi gani. Gongo ni hatari kwa yeyote anayeinywa, sembuse anayenyonyesha.

Salama kabisa ni kuacha pombe, hasa miezi ya mwanzo, wakati mtoto ananyonya mara nane hadi 12 kwa siku na ini lake changa linakiondoa kilevi polepole kuliko la mtu mzima. Na kuna hatari nyingine tusiyopenda kuitaja: mama aliyelewa asilale na mtoto mchanga kitanda kimoja. Usingizi wa pombe ni mzito, na mtoto anaweza kukosa hewa bila mtu kusikia.

Lakini nisieleweke vibaya na wale wanaopenda kuwatisha kina mama. Aliyekunywa jana hajaharibu maziwa yake milele, na asimwachishe mtoto ziwa akampa maziwa ya ng'ombe au uji mwepesi. Utafiti wa afya na demografia wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 64 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miezi sita hunyonya maziwa ya mama pekee. Waliobaki hupewa vitu vingine mapema, na mara nyingi sababu ni kuaminishwa kwamba maziwa hayatoshi. Vitisho vitawaongeza. Mama huyo asubiri kilevi kiishe, kisha anyonyeshe. Titi likimuuma kwa kujaa kabla ya muda huo, akamue apate nafuu na kumwaga. Ayatupe kwa sababu hiyo tu.

Kukamua ni ujuzi unaostahili kufundishwa kwa sababu bora kuliko pombe. Mama ananawa mikono kwa sabuni, anashika titi kwa kidole gumba juu na vidole vingine chini, nyuma ya duara jeusi, anasukuma kuelekea kifuani, kisha anabana na kuachia. Maziwa yanakingwa kwenye kikombe safi chenye mdomo mpana na mfuniko. Mahali penye ubaridi yanakaa hadi saa nne bila jokofu, na katika joto la Oktoba yatumike mapema. Mtoto anyweshwe kwa kikombe, maana chupa na chuchu yake ni vigumu kusafisha. Kwa njia hii anayekwenda mnadani au ofisini anamwachia mtoto chakula chake halisi.

Sasa niseme kinachonikera zaidi katika habari hii. Kikombe cha pombe ni zawadi rahisi kuliko zote. Kinamruhusu mume kuamini ametunza, na ndugu kuamini wamesaidia, huku mzazi akiwa bado anachota maji, anatwanga, na baada ya wiki chache anarudi shambani. Tabora ni mkoa wa tumbaku. Urambo na Kaliua, msimu wa kuchuma majani na kujaza mabani ya kukaushia haumsubiri aliyejifungua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na inamtaka mwajiri amruhusu kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Mke wa mkulima hana mwajiri wa kushtakiwa. Mwajiri wake ni ukoo, na ukoo unamlipa kwa kikombe cha pombe.

Mpika pombe ndiye tunayemsahau zaidi. Wapo wanawake wanaolisha watoto kwa chungu cha kilabuni. Wanachochea pombe mtoto akiwa mgongoni, wanaionja mara kwa mara ili wajue imeiva, na jioni wananyonyesha. Kumkemea mwanamke huyo na kuondoka hakumsaidii. Mtu mwingine aonje badala yake miezi sita ya mwanzo ya mtoto, na vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopeshana vimfikirie kwanza anapotafuta biashara nyingine.

Wauguzi wa kliniki za mama na mtoto, kuanzia hospitali ya Kitete hadi zahanati za Sikonge na Uyui, waliseme jambo hili wazi tangu mahudhurio ya wajawazito, na waliseme mbele ya mama mkwe, kwa sababu yeye ndiye mwenye neno nyumbani. Wamuulize mjamzito kuhusu pombe bila kumfedhehesha, na anayeshindwa kuiacha wamsaidie kama mgonjwa mwingine yeyote. Na baba atakayeambiwa na wenzake apeleke bia kwa mzazi, abebe kuku, mchele, karanga na ndoo mbili za maji, kisha amtafutie mtu wa kupika na kufua.

Mama anayesema maziwa hayatoshi anahitaji mtoto wake awekwe titini mara nyingi zaidi, mkunga amwonyeshe namna ya kumpakata, ale ashibe, na alale. Hayo yote yako ndani ya uwezo wetu, hata wa nyumba maskini kabisa ya Tabora. Tukishindwa kumpa, tusijifiche nyuma ya pombe.