Mshika 52, zote zimemponyoka!

Mimi mwenzenu vidole gumba vinaniuma. Siyo kwa kuandika, la hasha! Ni kwa kucheza gemu moja ya Kimarekani ambayo nikikutana na aliyeitoa sijui nimpe pole au nimdai fidia.

Chanzo cha yote ni mpwa wangu. Alhamisi kanijia na macho ya huruma, yale ya mtu mwenye shida ya hela. "Shikamoo anko. Kuna mashine ya gemu nimeiona Kariakoo, ndani ina gemu 500! Nipige tafu." Nikamwuliza, katika hizo 500 ameziona ngapi? Akajibu ameona maandishi kwenye boksi. Nikamwambia kaa chini, mwanangu, leo nikupe darasa.

Sisi tuliokulia mjini miaka ya 1990 tunazikumbuka zile kaseti za gemu kutoka Asia, zenye picha za kila aina na namba kubwa mbele. Kuna moja tulichangishana vijana wanne mtaani. Ilijiita "64 kwa 1". Tukaiwasha, orodha ndefu utadhani matokeo ya mtihani wa taifa. Kumbe gemu za kweli zilikuwa sita! Nyingine zote ni zilezile, zimepewa majina mapya, moja inaanzia hatua ya pili, nyingine mbingu imepakwa rangi ya waridi. Tuliingizwa mjini hali mjini tumezaliwa.

Sasa msidhani waliouziwa hamu ni sisi peke yetu. Kaseti za namna hiyo zilifika hadi Marekani. Huko Florida kulikuwa na mfanyabiashara mmoja, Vince Perri. Mwenyewe alisimulia kwamba alimkuta mwanawe anacheza kaseti haramu ya kutoka Taiwan yenye gemu 40, na watoto wa mtaa mzima wamepagawa nayo. Mzee akaona hapa pana mshiko. Akajisemea, kitu hiki nitakifanya kihalali, yaani gemu nyingi ndani ya kaseti moja, ila ziwe zangu mwenyewe, siyo za kuiba.

Wazo si baya hata kidogo. Akaanzisha kampuni, Active Enterprises, na mwaka 1991 ikatoa kaseti iliyoitwa Action 52, ya kuchezea kwenye ile mashine ya Nintendo Entertainment System. Leseni ya Nintendo hawakuwa nayo. Bei? Dola 199! Kumbuka siku hizo kaseti ya kawaida ilikuwa kama dola 40 au 50. Lakini ukigawa 199 kwa 52 unapata chini ya dola 4 kwa gemu moja. Mzazi gani angekataa hesabu tamu kama hiyo?

Mimi nimeicheza kwenye kompyuta, kwa programu inayoiga mashine ile ya zamani, kwa sababu kaseti zenyewe siku hizi wanazo wakusanyaji vitu vya kale. Nilijipangia usiku mmoja nizipitie zote 52. Nikachemsha chai, nikazima simu. Loh! Laiti ningelala.

Nikaanza na Star Evil. Chombo cha anga kinatokea, na kabla hujajua kidole ukiweke wapi kimeshajibamiza ukutani. Umekufa. Nikadhani ni uzembe wangu. Mara ya pili, hivyohivyo. Hapo hujakosea kitu, gemu ndiyo imekuweka mbele ya ukuta.

Nikahamia Fire Breathers. Hii inataka watu wawili, wala haina namna ya kumpa mpinzani mtu aliye peke yake. Saa 7 za usiku nimwamshe jirani tuje kurushiana moto? Nikaiacha. Alfredo nayo na Jigsaw, kwenye kopi nyingi hazifunguki kabisa. Unachagua, kioo kinabaki kimya kama ofisi ya serikali saa 9 alasiri. Yaani umelipia gemu 52 na tayari kuna ambazo ni jina tu.

Zinazofunguka ndiyo hizo. Kuna kundi zima la gemu za vyombo vya anga ambalo ukinifunga kitambaa na kukifungua ghafla siwezi kukwambia hii ni ipi. Zile za kukimbia na kuruka ni balaa zaidi. Unabonyeza kuruka, jamaa anapaa kama mzigo uliorushwa na kreni, ukitaka kumgeuza hewani hageuki. Maadui wanawaka na kuzimika kama taa ya mtaani. Risasi unaiona imempita adui katikati ya kifua, naye anaendelea na safari zake.

Nikiwa nimekata tamaa nikakutana na Streemerz. Hapa kuna mchekeshaji wa sarakasi anayepanda juu kwa kurusha utepe, unanasa juu, anajivuta. Mikono nikaisikia imechangamka. Wazo hili ni zuri, jamani! Nikacheza dakika 10 nikimtafutia sababu ya kumpenda. Lakini utepe unanasa unapotaka wenyewe, na wakati wa kujivuta unamgonga adui usiyeweza kumkwepa. Hapo ndipo nilipoona kwamba tatizo siyo ukosefu wa akili. Mtu aliliwaza hili vizuri, halafu hakupata muda wa kukaa nalo.

Na kweli hakupata. Inaelezwa kazi hiyo ilipewa vijana wachache, na muda wao ulikuwa kama miezi mitatu. Piga hesabu mwenyewe: siku 90 kwa gemu 52 ni chini ya siku mbili kwa kila gemu. Kuwaza, kuchora, kuandika programu, kutia muziki, kujaribu, kurekebisha. Fundi cherehani ukimpa suruali 52 za siku 90 anaweza. Gemu siyo suruali.

Labda utasema nafasi ya kaseti ilikuwa ndogo. Hapana bwana. Kaseti ile ina megabaiti 2. Gawanya kwa 52, kila gemu inapata kama kilobaiti 39. Sasa Super Mario Bros. ya mwaka 1985, ile ambayo nusu ya dunia imeicheza, ina kilobaiti 40! Nafasi ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kusema, "Hii bado, irudie."

Sasa njoo kwenye kilichoniudhi kuliko vyote. Kampuni ilitangaza shindano. Atakayeimaliza hatua ya 5 ya gemu inayoitwa Ooze ataingia kwenye zawadi ya jumla ya dola 104,000, sehemu taslimu na sehemu ya kusomea chuo. Fikiria mtoto wa miaka 13 ambaye wazazi wake hawana karo. Anakaa mbele ya TV, anaicheza Ooze usiku na mchana, anajilaumu kwamba vidole vyake vizito. Kumbe kwenye kopi nyingi gemu inaganda kabla hujafika hata karibu na hatua ya 5! Gemu mbovu nasamehe, hata mimi nina makala zangu ambazo sitaki mzikumbuke. Lakini kumwahidi mtoto chuo, mlango wenyewe haufunguki, hilo ni changa la macho. Sijui kama walifanya makusudi au hawakuwahi kuijaribu. Kwa mtoto yule yote ni mamoja.

Gemu ya 52 ndiyo walioitegemea kuwatajirisha, Cheetahmen. Duma watatu wenye umbo la watu, Apollo, Aries na Hercules. Ulikuwa wakati wa homa ya Ninja Turtles, nao wakaona wabadilishe kobe wawe duma. Ndani ya boksi wakatia hadi kitabu cha katuni. Muziki wake, nakiri, ni mtamu, mpaka leo nausikia kichwani nikioga. Ila ukianza kucheza, yaleyale ya mzigo wa kreni.

Walitaka hata kuiendeleza. Cheetahmen II haikuwahi kuingia sokoni kwa njia ya kawaida. Kopi 1,500 zilikutwa ghalani mwaka 1996, na hiyo nayo ina kasoro, ukimpiga bosi wa hatua ya 4 gemu haikupeleki ya 5. Toleo la Action 52 la mashine ya Sega lilitoka mwaka 1993, likatengenezwa na kampuni nyingine, na afadhali lile. Baadaye Active Enterprises ikapotea kwenye ramani.

Lakini hadithi haikuishia hapo, na sehemu hii ndiyo iliyonifanya nisimlaani mtu. Mwaka 2010 watengeneza gemu wa kujitegemea walipeana changamoto. Kila mmoja achukue gemu moja katika zile 52 aitengeneze upya. Moja tu! Streemerz ni miongoni mwa zilizochukuliwa, na safari hii unapanda kwa utepe unaotii, na watu waliipenda kwelikweli. Jina lilelile, wazo lilelile. Tofauti ni kwamba mtu alikaa na kitu kimoja mpaka kikaiva.

Kwa hiyo ninyi vijana mnaojifunza programu, bosi akikuletea dili la kutengeneza vitu 20 kwa mwezi, mwambie kwa adabu akupe viwili. Asipotaka, jina litakaloandikwa kwenye ubovu ule ni lako, siyo la haraka yake. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Mzee wa Florida alishika 52.

Na mpwa wangu je? Sikumnyima hela, msinione bahili. Nilimpa, nikamwekea sharti moja. Nilimwandikia namba kwenye karatasi: 7, 113, 260, 391 na 499. Nikamwambia, "Mwambie muuzaji aiwashe mashine, azifungue hizi tano mbele yako. Zikiwa tofauti na zinachezeka, nunua. Zikijirudia, kula kona." Nanyi mnaotaka kuwanunulia watoto mashine hizo mwaweza kuitumia karatasi hiyohiyo, ni bure.

Jumamosi jioni karudi, mikono mitupu, kanuna. Nikamwuliza vipi, zilijirudia?

"Sijui, anko. Muuzaji amekataa kuiwasha."

Hela yangu nikaipokea, nikamwagizia chipsi mayai. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa!