UCHAMBUZI: Sarafu za kale zikifukuliwa ovyo, kinachoibiwa ni historia

Mwaka 2019 mahakama ya Worcester hapa Uingereza iliwafunga wasaka hazina wawili, mmoja miaka 10 na mwenzake miaka minane na nusu. Rufaa baadaye ilipunguza adhabu hizo, lakini msomaji wa nyumbani bado atauliza: miaka yote hiyo kwa sarafu tu?

Watu hao, wakiwa na mashine za kutambua madini, mwaka 2015 walifukua hazina ya zama za Waviking katika shamba lililo karibu na Leominster, wakaificha na kuanza kuiuza kimya kimya. Inakadiriwa zilikuwa sarafu zipatazo 300. Hadi kesi inasikilizwa zilikuwa zimepatikana 31 tu. Baadhi yake zina picha ya watawala wawili walioketi bega kwa bega, na zilitolewa kwa majina ya Alfred wa Wessex na Ceolwulf wa Mercia. Maandishi ya upande wa Alfred yanamdharau Ceolwulf kama kibaraka wa Waviking. Sarafu zinasema walikuwa washirika. Ushahidi uliobaki umetawanyika mifukoni mwa walanguzi.

Tulinganishe na Frome, mwaka 2010. Mpishi wa hospitali, Dave Crisp, alisikia mashine ikilia, akachimba kidogo, akaona sarafu na mdomo wa chungu. Akaacha! Akafukia shimo na kuwaita wataalamu. Wao walikitoa chungu kile tabaka kwa tabaka kwa muda wa siku tatu: sarafu 52,503 za Kirumi, kilo 160. Sarafu nyingi za mtawala Carausius, ambazo ni za mwisho kutengenezwa, zilikutwa chini na si juu. Maana yake chungu kilijazwa kwa mkupuo mmoja, si akiba ya miaka mingi. Jambo hilo lisingejulikana kama angezimwaga kwenye ndoo. Zilithaminiwa paundi 320,250, akagawana na mwenye shamba.

Kazi yenyewe haihitaji shahada. Mchimbaji mwangalifu hukata udongo wenye majani kama kifuniko, upande mmoja ukibaki umeshikana, huchimba pembeni ya mlio ili chuma kisiikwaruze sarafu, hasugui alichopata maana kusugua hufuta maandishi, huandika mahali hasa alipokipata, kisha hufukia. Akiona nyingi pamoja, hapo ndipo mwisho wa jembe lake. Kwa Sheria ya Hazina ya mwaka 1996 ana siku 14 za kuripoti kwa afisa yule yule anayechunguza vifo vyenye utata.

Sasa turudi pwani yetu. Sarafu za shaba za Kilwa zina jina la sultani na maneno yenye vina, lakini hazina mwaka. Kinachotoa umri wake ni udongo na vitu vilivyolala pamoja nazo. Pale Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984, wachimbaji wa kitaalamu walikuta zaidi ya sarafu 2,000 za fedha pamoja na dinari chache za kigeni zenye tarehe. Kwa ajili ya dinari hizo, watawala waliodhaniwa kuwa wa karibu mwaka 1200 walirudishwa nyuma hadi karne ya 11. Angepita mtu na sururu usiku, akachagua dhahabu na kuziacha nyingine, tungekuwa gizani hadi leo.

Na sururu za usiku hatuzikosi. Nani hajasikia habari za rupia za Mjerumani, ramani za siri na matapeli wanaouza mashine za kutafutia mali hiyo? Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba bila kibali. Sawa. Lakini mkulima wa Kilwa ambaye jembe lake limegonga sarafu, ampelekee nani, na atapata nini? Uingereza imeweka maafisa mikoani wa kupokea na kuandikisha vitu hivyo, na mvumbuzi mwaminifu hulipwa. Afisa mmoja Kilwa na mwingine Pemba, wenye daftari na fungu dogo la zawadi, wangekuwa mwanzo.