Masomo ya Bure, Bando la Nani?

Siku hizi gusa habari ya kufundisha chuo kikuu, msomi atakujibu kwa neno moja: bure. Moodle bure. YouTube bure. Google Classroom bure. Kundi la WhatsApp la darasa, bure!

Hatubishi. Moodle ilitolewa mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia, akaiachia dunia iichukue bila kulipa senti tano. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza na programu ya kulipia, mwaka 2008 kikahamia hiyo ya bure. Chuo Kikuu Huria nacho kinaitumia. Ni akili nzuri. Dola zetu zina kazi nyingine.

Lakini bure hiyo ni ya nani? Wewe wa Manzese unayenasa waifai ya ofisi ya jirani huwezi kuona tatizo. Twende Lituhi, huko mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma.

Chukua kijana wa huko anayeuza usipa na wakati huohuo anasoma Chuo Kikuu Huria. Chuo hicho kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu kama yeye, wasioweza kuacha kazi wakahamia bwenini. Kituo chake cha mkoa kiko Songea. Kwenda huko kupitia Kitai ni nauli, chakula, na siku ya biashara imekwenda na maji. Kwa hiyo simu ndiyo darasa lake, maktaba yake na sanduku lake la kupelekea asaimenti.

Sasa mhadhiri, ambaye bando lake halimuumizi kichwa, anapandisha video ya saa nzima. Nusu ya saa hiyo anakohoa na kusoma slaidi! Kijana ananunua bando, video inaganda, bando linakata. Faida ya usipa wa siku mbili imeliwa na somo moja la "bure". Sisi tulioishia kidato cha nne hatujui mambo ya chuo, lakini hesabu ya bando tunaijua vizuri.

Na katika bando hilo Serikali imo. Kuna ushuru wa bidhaa usiopungua asilimia 17, kuna na VAT asilimia 18. Kitabu cha karatasi kimesamehewa VAT. Kitabu hichohicho kikipita kwenye simu ya kabwela, kinakatwa njiani. Hii ni akili ya wapi?

Halafu kuna kuzimwa. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikakaa siku kadhaa. Siku zile Moodle ya bure ilikuwa ya bure kweli kweli. Aliyezima hakumuuliza mwanafunzi kama ana asaimenti ya kupeleka.

Mambo haya yanawezekana kurekebishwa. Afrika Kusini, corona ilipofunga vyuo mwaka 2020, kampuni za simu zilifungua tovuti za vyuo bila kukata bando. Hapa kwetu vyuo vilifungwa Machi hadi 1 Juni mwaka huohuo, na somo hilo hatukulichukua. Wahadhiri nao waweke maandishi mepesi na sauti, video iwe ya dakika chache. Programu ya Moodle ya simu inaruhusu kupakua somo penye mtandao na kulisoma baadaye bila mtandao. Wangapi wamewaonyesha wanafunzi wao?

Aprili 2021 bei za bando zilipopandishwa, watu walipiga kelele na Serikali ikaagiza zirudi zilivyokuwa. Kwa hiyo kelele zinasikika. Bunge la bajeti hukaa Dodoma kila mwaka kabla ya Julai. Mbunge wa Nyasa aulizwe huko kwao, na wewe umuulize wa kwako akija kijiweni: tovuti za vyuo zitafunguka lini bila bando?