Tuta mtaani ni dawa, lakini lina dozi yake

Mtaa wenu umewekewa lami. Hongereni. Vumbi lililokuwa likiwabana vifua watoto wenye pumu limepungua, mvua ikinyesha bajaji inafika hadi mlangoni, na mjamzito aliyeshikwa uchungu saa nane usiku anaweza kuondoka nyumbani bila gari kukwama kwenye tope. Lami ni afya, na safu hii haina ugomvi nayo.

Lakini lami hiyo hiyo imeondoa kitu ambacho hakuna aliyewahi kukishukuru: mashimo. Mashimo ndiyo yaliyokuwa trafiki wa mtaa wenu. Sasa yamezibwa, na gari lililokuwa likijikongoja kwa kilomita 15 kwa saa linapita kwa 50, mbele ya geti lilelile ambalo mwanao hutokea akikimbiza mpira. Dereva huyo wala havunji sheria, maana 50 ndiyo mwisho wa mwendo unaoruhusiwa kwenye maeneo ya makazi nchini kwetu. Ndiyo maana nakuomba, mzazi, usome makala haya kabla mkandarasi hajafungasha vifaa vyake na kuondoka.

Mzazi aliyekamilisha kadi ya kliniki amemvusha mtoto wake kwenye surua, pepopunda na kuhara kwa kirusi cha rota. Anapumua. Hata hivyo, kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, kinachoongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani ni ajali za barabarani. Kila mwaka zinaua watu wapatao milioni 1.19 wa rika zote. Yaani mtoto anamaliza chanjo za utotoni, anaanza kutumwa dukani na kwenda shule kwa miguu, na papo hapo anakutana na hatari isiyo na sindano. Chanjo ya hatari hii iko barabarani, na mojawapo ni tuta.

Tuelewane kwanza kuhusu mwendo. Chukua magari mawili yanayofanana, breki nzima, lami kavu. Moja linakwenda kilomita 30 kwa saa, jingine 50. Mtoto anachomoka mita 14 mbele yao. Dereva yeyote huhitaji kama sekunde moja kuona, kushtuka na kuhamisha mguu. Yule wa 30 katika sekunde hiyo anasogea mita nane hivi, anakanyaga breki, na gari linasimama likiwa limetumia mita 13 kwa jumla. Amemkosa. Yule wa 50 katika sekunde hiyohiyo tayari amekwenda mita 14, na mguu wake ndio kwanza unagusa breki. Anamgonga mtoto kwa mwendo wote wa 50. Tofauti ya kilomita 20 inayoonekana ndogo kwenye dashibodi ni tofauti kati ya mtoto aliyetukanwa na dereva na mtoto aliyebebwa kwenye kanga. Na nguvu ya pigo haiongezeki sawasawa na mwendo: kutoka 30 hadi 50 inakaribia kuwa mara tatu.

Mwili wa mtoto nao hauko kama wako. Bampa inayomvunja mtu mzima mguu humpata mtoto wa miaka sita kwenye nyonga, tumbo au kifua, na boneti humfikia kichwani. Majeraha ya kichwa ndiyo yanayotutisha zaidi, kwa sababu yanaweza kuacha kifafa, ulemavu au mtoto asiyeweza tena kufuata masomo, hata pale ngozi ilipopona bila kovu. (Hapo hapo nikukumbushe: mtoto aliyegongwa akainuka na kusema hana kitu, kisha akaanza kutapika, kusinzia au kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali mara moja. Usisubiri kuche.)

Najua jibu la wengi: watoto wafundishwe kuvuka. Wafundishwe, ndiyo. Mshike mkono, mwambie atazame kulia, kushoto, kisha kulia tena. Ila usimdai kile ambacho ubongo wake bado haujakiweza. Watafiti wa chuo cha Royal Holloway, London, waliwapima watoto wa shule ya msingi uwezo wa kutambua gari linalowajia. Gari likizidi mwendo wa kama kilomita 32 kwa saa, watoto hawakuweza kutegemewa kuona kwamba linakaribia. Kwao picha ya gari hukua taratibu mno machoni, wanaliona kama limesimama. Kwa hiyo mtoto anaweza kutazama, akaliona gari kabisa, akavuka, akagongwa, na watu wazima wakasema alikuwa mzembe.

Je, tuta linasaidia kweli au ni usumbufu tu? Mjini Oakland, California, madaktari walilinganisha watoto waliofikishwa hospitali kwa kugongwa na magari mtaani kwao na watoto waliokuja kwa sababu nyingine. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba kuishi karibu na tuta kulihusiana na uwezekano mdogo, kwa zaidi ya nusu, wa mtoto kuumia au kufa kwa kugongwa mtaani. Na hatuna haja ya kwenda mbali. Hapa Dar es Salaam, shirika la Amend lilianza kurekebisha barabara za kuzunguka shule za msingi: matuta, vivuko, njia ya miguu, nguzo za kuzuia magari, na mahali pengine geti la shule kuhamishiwa upande wenye magari machache. Tathmini iliyolinganisha shule zilizorekebishiwa na zile ambazo bado ilikuta majeraha yamepungua kwa asilimia 26. Mwaka 2019 kazi hiyo ikapewa Tuzo ya Ross ya miji bora. Vifaa vyake vilikuwa saruji, lami, rangi na koleo.

Sasa niwageukie wagonjwa, maana najua mnaninung'unikia. Aliyetoka kufanyiwa upasuaji, mwenye mgongo, bibi mwenye mifupa iliyopungua uimara, hao wote wanayajua matuta yetu kwa maumivu. Hawadanganyi. Mwaka 2005 madaktari wa Uturuki waliandika kuhusu abiria waliovunjika pingili za uti wa mgongo baada ya gari kupita tuta kwa kasi. Na huko Uingereza, utafiti wa mwaka 2012 uligeuza maumivu hayo kuwa kipimo: kati ya wagonjwa 34 waliothibitika kuwa na ugonjwa wa kidole tumbo, 33 walikuwa wamesikia maumivu kuongezeka gari lilipopita tuta wakielekea hospitali. Ukiwa na maumivu ya tumbo upande wa kulia chini, na kila tuta linakuchoma, mweleze daktari.

Lakini angalia vizuri kinachowaumiza. Ni mwendo, na ni umbo la tuta. Lile tuta la mviringo lililofanyiwa majaribio Uingereza miaka ya 1970 na kuigwa duniani lina urefu wa mita 3.7 kufuata barabara, na kimo cha sentimita 10 tu. Ni pana kiasi kwamba gari linapanda na kushuka kama mashua kwenye wimbi dogo. Mengi ya kwetu ni kama gogo lililolazwa: membamba, marefu kwenda juu, makali pembeni. Hilo humrusha hata anayepita polepole, ilhali mwenye haraka na gari zuri analivuka kwa kishindo kimoja na kuendelea zake. Mgonjwa anaadhibiwa, mkosaji anasamehewa. Hiyo ndiyo dozi mbaya, na dozi mbaya haifanyi dawa yenyewe kuwa sumu.

Hatari zaidi ni matuta ya usiku mmoja. Mtoto amegongwa, watu wana hasira, asubuhi kuna gogo, tairi kuukuu au kifusi katikati ya njia. Nawaelewa. Siwezi kumhukumu jirani aliyetoka kuzika. Hata hivyo, tuta hilo halina rangi wala kibao, na saa mbili usiku mwendesha bodaboda na abiria wake wanaruka juu yake bila kuliona. Tutakuwa tumebadilishana majeruhi. Pia linazuia maji, dimbwi linatuama, na msimu wa mvua mnafuga mbu mlangoni.

Kuhusu bodaboda, nina shaka na matuta mengi tunayojengewa hata na wakandarasi wenyewe. Huishia nusu mita au zaidi kabla ya ukingo wa lami, ati maji yapite. Simama dakika kumi uangalie: bodaboda hawapandi tuta, wanapita kwenye huo mwanya bila kupunguza mwendo. Na mwanya huo uko pembeni ya barabara, pale pale wanapotembea watoto. Yaani tuta limemchukua mwendesha pikipiki kutoka katikati ya barabara na kumwelekeza kwa mwanao. Maji yanaweza kupitishwa kwa bomba au mfereji. Pembeni zisimikwe nguzo.

Kuna hoja ya gari la wagonjwa, na ni ya kweli. Kila tuta linalipunguzia mwendo, na majeruhi aliyelala ndani anaumia. Kwa sababu hiyo sioni busara ya kujaza matuta kwenye barabara kuu iendayo hospitali ya wilaya. Huko kunahitajika vivuko vyenye taa, njia za miguu na askari. Barabara ya mtaa, yenye nyumba pande zote na shule mwisho wake, ni habari nyingine. Huko gari la wagonjwa hupita mara chache, watoto hupita kila siku.

Wakati tukisubiri matuta ya maana, wewe mwenye mgongo au mshono usikae siti ya nyuma kabisa ya daladala. Nyuma ya matairi ndiko kunakorushwa zaidi. Omba kukaa katikati ya gari au mbele, na usione haya kumwambia konda una mgonjwa. Wengi wao huwa waungwana wakiambiwa. Mama mjamzito asiye na tatizo asiogope tuta linalopitwa polepole, kwani mtoto amezungukwa na maji yanayomkinga. Ila ukitokwa na damu, maji yakivuja au tumbo likikaza, nenda kituo cha afya bila kujali ulipitia njia gani.

Mkutano wa mtaa ukiitishwa, fikeni wazazi, hata watano. Andikeni barua kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, nakala kwa diwani, iende TARURA ambao ndio wenye barabara hizo. Msiandike "tunaomba matuta" mkaishia hapo. Tajeni mahali penyewe: mbele ya geti la shule, kwenye kona ya duka, karibu na zahanati. Ombeni tuta pana, lifike ukingoni, liwe na kibao kabla ya kulifikia. Na ulizeni nani atalipaka rangi upya, kwa kuwa rangi ya kwanza haidumu, na Januari darasa la kwanza wanaanza kwenda shule peke yao.