Wakili Naye Aonyeshe Cheti Chake

Mtu anayepeleka dhahabu yake katika soko la madini la Geita, lililofunguliwa Machi 2019, hakubaliwi kwa maneno matupu. Mzigo wake huwekwa katika mizani, usafi wake hupimwa, na mnunuzi aliye mbele yake hana budi kuwa na leseni. Serikali iliweka utaratibu huo kwa sababu ilitambua kwamba mchimbaji mdogo alikuwa akipunjwa kwa miaka mingi na watu waliojua thamani ya mali yake kuliko alivyoijua yeye mwenyewe. Tunauliza leo: mchimbaji huyo huyo akitoka sokoni na kuvuka barabara kwenda kumtafuta mtu wa kumtetea, ni nani anayempimia wakili?

Swali hili si la mchezo. Katika miji inayokua kwa ajili ya dhahabu, tangu Kahama hadi Katoro, haki ya mtu mara nyingi hutegemea karatasi. Mmoja ana leseni ndogo ya uchimbaji, mwingine ndiye mwenye shamba lililo juu ya mwamba, na wa tatu ndiye aliyetoa fedha za kuchimba duara. Wote watatu wanaweza kuwa na madai, na madai yao hayaendi mahali pamoja. Mgogoro wa haki ya madini husikilizwa na Tume ya Madini. Mgogoro wa ardhi huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Madai ya mkataba huenda mahakamani. Anayekosea mlango hupoteza miezi, na sheria haimsubiri. Mathalani, anayeshindwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba ana siku 45 tu za kukata rufaa Mahakama Kuu.

Hapo ndipo wanapotokea wale ambao wananchi wamewabandika jina la vishoka. Kishoka huwa na meza, mashine ya kuchapa, muhuri na ulimi mtamu. Hujiita mwanasheria, mshauri wa sheria, au kwa ujasiri zaidi, wakili bingwa wa migogoro ya madini na ardhi. Hupokea fedha, huandika hati, na siku ya kesi haonekani. Mwananchi aliyeuza ng'ombe au kuweka rehani mashine yake ya kusagia mawe hurudi nyumbani bila kesi na bila mali.

Wako watakaosema kwamba sheria ipo. Ni kweli ipo, na ni ya miaka mingi. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inataka mtu anayefanya kazi ya uwakili jina lake liwe katika Daftari la Mawakili, na awe na cheti cha kumruhusu kufanya kazi hiyo ambacho huhuishwa kila mwaka. Kujifanya wakili ni kosa. Kuandaa hati za kisheria kwa malipo bila kuwa na sifa ni kosa pia. Tena sheria hiyo inaagiza kwamba anayeandaa hati aandike juu yake jina na anwani yake, ili ajulikane. Na Mahakama ya Rufani imekwisha kutamka kwamba waraka ulioandaliwa na wakili asiye na cheti hai hauna nguvu. Maana yake ni kwamba adhabu ya uzembe wa wakili humwangukia mteja, ambaye hakujua wala hakuwa na njia nyepesi ya kujua.

Upungufu basi hauko katika kukataza. Upungufu uko katika kutowajulisha wananchi. Desturi ya uwakili tuliyoirithi kwa Waingereza ilimkataza wakili kujitangaza na kuwawinda wateja, na hata leo mwenendo wa mawakili wetu unaongozwa na kanuni za maadili zilizotolewa mwaka 2018. Sisi hatuipingi heshima hiyo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na wakili anayekimbilia msiba wa watu waliofukiwa na kifusi ili agawe kadi zake hastahili kuitwa ofisa wa mahakama.

Lakini methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya bidhaa ambayo mnunuzi anaweza kuishika na kuigeuza. Kitambaa hushikwa, samaki hunuswa, na dhahabu hupimwa. Elimu ya wakili haishikiki. Mchimbaji hawezi kujua kama aliyeketi mbele yake alipita Shule ya Sheria kwa Vitendo au alipita tu nyuma ya jengo la mahakama. Wakili wa kweli akinyamaza kwa kutii maadili, na kishoka akapiga kelele kwa kuwa hana maadili ya kutii, mwananchi atasikia sauti moja tu, nayo ni ya kishoka. Katazo lililokusudiwa kumlinda mnyonge litakuwa limemwachia mlaghai uwanja mzima.

Wenzetu wamekwisha kulitafakari jambo hili. Waingereza wenyewe waliilegeza desturi yao mwaka 1984. Nchini Kenya, mwaka 2012, Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba katazo la jumla la mawakili kujitangaza linapingana na Katiba, hasa haki ya mtumiaji wa huduma kupata habari zinazomwezesha kuchagua. Na mwaka 2014 zikatoka kanuni zinazoruhusu matangazo kwa mipaka. Marekani ilianza mapema zaidi: mwaka 1977 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliruhusu mawakili wawili wa Arizona kutangaza bei za huduma zao za kawaida gazetini. Hatusemi tuige kila cha Marekani, ambako matangazo ya mawakili yamefikia mahali pa kuchekesha. Tunasema tuchukue lenye manufaa.

Na lenye manufaa ni hili la ubingwa. Katika jimbo la Texas iko bodi, iliyoundwa mwaka 1974, inayowapima mawakili na kuwathibitisha katika fani maalumu. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri lililotoka Illinois, ilisema kwamba wakili aliyethibitishwa kweli hawezi kuzuiwa kabisa kulitaja jambo hilo, ila dola inaweza kumtaka aeleze wazi ni nani aliyemthibitisha. Hiyo ni kanuni nyepesi ambayo hata mzee wa kijijini anaielewa: ukijiita bingwa, sema ni nani aliyekupa ubingwa.

Hapa kwetu tunaifuata kanuni hiyo kwa madaktari. Daktari hajiiti bingwa wa mifupa kwa sababu tu ameifunga mifupa mingi. Husoma zaidi na kutambuliwa na baraza la taaluma yake. Kwa mawakili, Daftari ni moja, na kuandikishwa humo hakumfanyi mtu kuwa bingwa wa madini wala wa mirathi. Kwa hiyo neno "bingwa" katika bango la wakili kwa sasa ni sifa aliyojipa mwenyewe. Inawezekana anaistahili, kwa kuwa ameshughulikia kesi za namna hiyo kwa miaka 20. Basi na aseme hivyo: kazi zangu nyingi ni za madini. Hilo ni kweli na linamsaidia mteja. Lakini ubingwa bila aliyeutoa ni sawa na dhahabu iliyotajiwa usafi wake kabla ya kupimwa.

Jambo hili linawahusu pia ndugu zetu wa visiwani, wa Ukerewe, Ukara, Kome na Maisome. Mvuvi akipata msimu mzuri huvuka ziwa na kuweka mtaji wake katika duara asiloliona kila siku. Mkataba wake huandikwa haraka, mara nyingi na mtu aliyeletwa na mwenye duara mwenyewe. Ukitokea ugomvi wa mgao, mvuvi yuko upande wa pili wa maji, na kila safari ya kufuatilia ni nauli na siku za kuacha nyavu. Mtu wa namna hiyo anahitaji kujua kabla ya kutia saini, si baada ya kudhulumiwa, kama aliyeandika mkataba ule ni wakili, na kama anamtetea yeye au yule mwingine.

Tusiwasingizie vishoka peke yao. Sisi wananchi nasi tuna tabia ya kutafuta njia za mkato. Tangazo la hatari kuliko yote halibandikwi ukutani, hunong'onezwa sikioni: "Nina mtu wangu pale mahakamani." Anayevutwa na maneno hayo hatafuti wakili, anatafuta mlango wa rushwa, na akitapeliwa, hata pa kushitaki hapaoni kwa aibu. Tuache tabia hiyo. Haki inayonunuliwa leo na maskini itanunuliwa kesho na tajiri kwa bei kubwa zaidi.

Tunapendekeza kwa Serikali, kwa Mahakama na kwa Chama cha Mawakili cha Tanganyika mambo yafuatayo. Kwanza, kila ofisi ya wakili itundike cheti cha mwaka huo mahali pa kuonekana, na bango lake liwe na jina kama lilivyo katika Daftari. Pili, anayejitangazia ubingwa ataje chombo kilichomthibitisha. Kama hakuna, aandike hivyo kwa herufi zinazosomeka. Tatu, wakili aruhusiwe kueleza kwa staha jina lake, mahali alipo, aina ya kazi afanyazo na malipo yake, kwa kufuata Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015. Lakini asiruhusiwe kuahidi ushindi.

Nne, Mahakama imeweka mfumo wa e-Wakili unaomwezesha mtu kutafuta jina la wakili na kuona hali ya cheti chake. Huo ni mwanzo mzuri, lakini si kila mchimbaji ana simu ya kufungulia mfumo huo. Maofisa watendaji wa kata, ofisi za madini na watumishi wa masoko wafundishwe kuutumia, na wamtazamie mwananchi jina bila kumtoza hata senti moja. Tano, mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Basi kanuni za maadili ya mawakili zibandikwe kwa Kiswahili katika mialo, minada na machimbo, pamoja na maelezo ya namna ya kupeleka malalamiko kwenye Kamati ya Mawakili.

Asiye na fedha akumbushwe pia kwamba Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, na kwamba msaada wao ni wa bure. Anayejiita msaidizi wa kisheria na kudai malipo amekwisha kujifichua.

Hayo yote hayahitaji fedha nyingi. Misumari ya kutundikia vyeti haiagizwi kutoka ng'ambo. Mwenye duka hutundika leseni yake ya biashara ukutani, na mwenye duka la dawa hutundika kibali chake. Wala hakuna anayesema kwamba heshima yao imepungua. Wakili aliyesoma na kuapishwa hana cha kuficha. Naye mwananchi, kabla ya kutoa shilingi yake ya kwanza, aulize bila woga: cheti chako cha mwaka huu kiko wapi?